Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo: Haki na Njaa katika Kusadikika na Kuli

Muhula uliopita, katika semina ya riwaya, mwenzetu mmoja alisimama akatamka kwa sauti ya kukata shauri kwamba Kusadikika ni riwaya ya haki, na Kuli ni riwaya ya mshahara. Watu wakatikisa vichwa kukubali, mhadhiri akaandika ubaoni, tukaendelea na mada nyingine. Mimi nilikaa kimya. Si kwamba nilikubali, la hasha. Nilikuwa sijapata neno la kumjibu. Neno nimelipata baadaye, tena si maktaba bali nyumbani kwetu, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Hoja yangu ni fupi. Haki na mshahara si mada mbili. Haki yoyote ile, hata iliyoandikwa vizuri katika katiba, inadai muda ili ipatikane. Na muda, ndugu zangu, unanunuliwa. Tajiri ni mtu anayeweza kungoja. Maskini hawezi. Usawa unaoisahau tofauti hiyo ni usawa wa kwenye karatasi tu. Kwa hiyo nitazipima riwaya hizi mbili kwa swali moja, ambalo naliita swali la jikoni: ndani ya riwaya, nani anaweza kungoja, na nani anamlisha wakati anangoja?

Kwanza niseme neno hili nimelitoa wapi. Baba yangu mdogo ni kibarua wa ujenzi. Anachanganya zege, anapandisha matofali ghorofani kwa mabega yake. Miaka michache iliyopita mkandarasi mmoja alimfanyisha kazi wiki sita akamlipa mbili. Nne zilizobaki zikawa ni za "njoo Jumatatu". Akashauriwa akadai haki yake panapohusika. Akaenda. Alipokewa vizuri, hakudaiwa chochote cha chini ya meza, akapangiwa tarehe. Tarehe ilipofika upande wa pili haukutokea. Akapangiwa nyingine. Safari hii akaja mtu kusema bosi kasafiri. Ikaja ya tatu, faili halikuonekana. Sasa hesabu wewe mwenyewe: kila tarehe ni nauli ya kwenda na kurudi, na kila tarehe ni siku moja bila kazi, maana kibarua asiyefika kazini saa kumi na mbili asubuhi, nafasi yake keshapewa mwingine. Tarehe ya nne hakwenda. Nikamuuliza, "Baba mdogo, mbona umeiacha haki yako?" Akanijibu bila hasira yoyote: "Mwanangu, sijaiacha. Nimeshindwa kuilisha."

Angalieni jambo lenyewe lilivyo. Pale ofisini hakuna aliyemwambia baba mdogo kwamba yeye si mtu. Mlango ulikuwa wazi kwa wote wawili, na tarehe zilikuwa zilezile kwa wote wawili. Mbele ya karani wa faili walikuwa sawa kabisa. Ila mmoja alikuwa anangoja akiwa na fedha za mwenzake mfukoni, na mwingine alikuwa anangoja huku watoto wanne wanamngoja yeye. Huo ndio usawa ninaotaka tuuhoji.

Karama anakula nini?

Nikamrudia Shaaban Robert nikiwa na neno hilo mkononi. Kusadikika ilichapwa mwaka 1951. Nchi yenyewe inaelea angani, wala si ya bara wala si ya bahari. Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya sheria, na mshtaki wake ni waziri, jina lake Majivuno. Jina latosha, halihitaji ufafanuzi. Karama anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliokwenda pande mbalimbali kuitafutia nchi yao mema, na ambao waliporudi, shukrani waliyoipata ilikuwa adhabu. Mwishowe Karama anashinda, na wale wajumbe wanatoka kifungoni.

Tumezoea kusema kwamba dhamira kuu hapa ni ushindi wa hoja dhidi ya mabavu. Ni kweli, na wala si jambo dogo. Shaaban aliandika chini ya serikali ya kikoloni, tena akiwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Kudai kwamba mshtakiwa asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, na kwamba raia aijue sheria inayomhukumu, lilikuwa dai zito kwa mtu wa hali yake. Isitoshe, dai hilo lilichelewa sana kutimizwa hata baada ya wakoloni kuondoka. Hapa Tanzania ilibidi tungoje hadi mwaka 2021 ndipo sheria irekebishwe ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Ni miaka 70 kamili tangu Karama asimame kizimbani. Anayesema Kusadikika imepitwa na wakati hajawahi kukaa kwenye benchi la mahakama akisikiliza watu wanavyobishana kuhusu maisha yake kwa lugha asiyoielewa.

Lakini hebu tuulize lile swali la jikoni. Siku zote hizo Karama anapozungumza barazani, anakula nini? Nyumba yake inaendeshwa na nani? Na wale wajumbe walipokuwa gerezani, wake zao na watoto wao walikuwa wakishindia nini? Riwaya haituambii, na kutotuambia kwake kunatuonyesha haki inavyowazwa humo. Watu wa Kusadikika wana masikio ya kusikia hoja na vinywa vya kusema, lakini karibu wote hawana matumbo. Umma unatajwa, unapendwa, unatetewa. Ila haumo barazani ukieleza wenyewe bei ya unga. Wanaobishana ni wenye maneno, na anayeamua ni mwenye kiti.

Hili la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi. Karama hashindi kwa sababu Majivuno ameishiwa nguvu. Anashinda kwa sababu mwenye nguvu kuliko Majivuno amekubali kusikiliza. Na je, kama asingekubali? Au kama angekubali, lakini akasema, "Kesi imeahirishwa, tuonane mwezi ujao"? Karama wa kwenye riwaya angerudi tu mwezi ujao na ufasaha uleule, maana ufasaha wake haupungui kwa njaa. Baba mdogo asingerudi.

Najua wapo watakaosema ninasoma fumbo kana kwamba ni taarifa ya habari. Istiara haidaiwi mapishi, watasema. Nakubali kwamba mwandishi wa istiara ana ruhusa ya kuacha mambo. Lakini mhakiki naye ana wajibu wa kuuliza ni mambo gani yaliyoachwa, na kwa nini ni hayohayo yanayoachwa kila mara. Mwandishi huyuhuyu, katika Utubora Mkulima, anatuletea mtu anayeacha kazi nzuri ya mjini kwa hiari yake akaenda kulima. Tunamsifu Utubora kwa kuuchagua utu badala ya fedha, na sifa hiyo anaistahili. Ila tukumbuke kwamba kuacha kazi kwa hiari ni uhuru wa mtu asiyeogopa kesho atakula nini. Anayeishi kwa kibarua cha siku haachi kazi. Yeye huachishwa.

Karani na mbebaji

Shaaban Robert mwenyewe aliijua bandari. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa forodha, Pangani na kwingineko. Karani wa forodha anauhesabu mzigo na kuuandika daftarini. Anayeubeba ni mtu mwingine. Adam Shafi ameandika kuhusu huyo mtu mwingine.

Kuli ilitolewa mwaka 1979. Mandhari yake ni bandari ya Unguja enzi za ukoloni, na mhusika wake mkuu ni Rashidi, mtoto wa Majaliwa. Baba alikuwa kuli, na mtoto naye akawa kuli. Yaani ukuli unarithiwa kama kiti cha mfalme kinavyorithiwa, tofauti ni kwamba hakuna anayeuonea wivu. Kisa kinasimama juu ya jambo lililotokea kweli: mgomo wa mwaka 1948, ulioanza kwa makuli wa bandarini mwezi Agosti na kufikia Septemba ukawa umeushika mji. Wala haukuwa mgomo wa peke yake. Mombasa ilikuwa imegoma Januari 1947, na makuli wa Dar es Salaam wakagoma mwezi Septemba mwaka huohuo. Katika muda wa miezi kama 20 bandari tatu kubwa za pwani yetu zilisimama. Kwa hiyo Shafi hakubuni tu; kuna watu waliobeba magunia hayo kwa vichwa vyao.

Sasa, kwa nini bandarini? Wenzetu wengi wanajibu kwa msamiati tuliozoea: ndipo unyonyaji ulipokuwa wazi, ndipo tabaka la wafanyakazi lilipopata mwamko. Sawa. Lakini mimi naona kuna sababu nyingine iliyo wazi kuliko hiyo, nayo ni kwamba meli haiwezi kungoja. Mwenye shamba anaweza kumwambia mkulima "njoo mwaka kesho", na mkandarasi anaweza kumwambia kibarua "njoo Jumatatu". Lakini meli iliyofunga gati inakula fedha za mwenyewe kila inapokuchwa. Shehena iliyomo inaharibika, na safari iliyo mbele inachelewa. Kwa mara ya kwanza kuli anagundua mahali ambapo tajiri ndiye mwenye haraka.

Hapo ndipo ninapoipinga kauli ya mwenzetu wa semina. Mgomo si jambo la mshahara peke yake. Mgomo ni kesi ya namna nyingine, ambayo ndani yake yule aliyekuwa akingojeshwa anageuka kuwa mngojeshaji. Akiwa peke yake, Rashidi akikaa nyumbani siku moja anajitia njaa mwenyewe na nafasi yake inachukuliwa. Wakikaa mia, hakuna wa kuichukua. Usawa wao haukuletwa na ibara yoyote ya sheria. Umetokana na kubeba gunia lilelile, kwa mgongo uleule, kwa ujira uleule mdogo. Na uhuru wao si uhuru wa kusema tu, kwani kusema walikwisha kusema sana. Ni uhuru wa kusema "hapana" na kuweza kuishikilia hiyo "hapana" hadi kesho na kesho kutwa. Faraji anapomfumbua macho Rashidi, hamfundishi hotuba. Anamfundisha kwamba shida aliyodhani ni bahati yake mbaya ni shida ya wote, na ina chanzo.

Hata hivyo nisije nikaonekana shabiki. Kuli nayo ina upungufu wake, na swali la jikoni halijibu vya kutosha. Tunawaona makuli gatini, tunawasikia wakipanga na kubishana; lakini kule majumbani, ambako mgomo unashinda au unashindwa kwa kibaba cha mchele, hatukai muda mrefu kiasi ambacho mimi ningependa. Nitalirudia hili mwishoni, kwa sababu yupo mtu aliyelisema vizuri kuliko mimi.

Methali zinazogombana

Kama bado mtu anadhani nimetia chumvi kuhusu kungoja, na azisikilize methali zetu. Tunaambiwa subira yavuta heri. Tunaambiwa mvumilivu hula mbivu. Halafu, kutoka katika lugha hiyohiyo, tunaambiwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Shuleni tulifundishwa kwamba hizi ni methali zinazopingana, basi, tukapewa alama zetu tukaondoka. Mimi nadhani hazipingani, ila zimesemwa na watu wa hali tofauti. Mvumilivu hula mbivu, ndiyo, lakini ni yule mwenye kitu cha kula wakati ndizi bado mbichi. Asiyenacho ataikata ikiwa mbichi aichemshe, na majirani watamwita mwenye pupa.

Hata sisi hapa chuoni tunalijua somo hili, sema hatulitungii nadharia. Bumu likichelewa wiki mbili, wanafunzi wote ni sawa: wote hawajapata. Lakini yupo anayempigia simu baba yake, na yupo anayeanza kupiga pasi ndefu, anakunywa chai saa nne na kulala nayo. Siku ya mtihani karatasi ni moja, maswali ni yaleyale, muda ni uleule. Halafu matokeo yakitoka tunasema fulani ana akili, fulani mzembe. Hivi kweli tumepima akili?

Ibara na tumbo

Hapo watu wa sheria watanikumbusha kwamba mambo haya yamekwisha kutazamwa. Ni kweli. Katiba ya mwaka 1977, baada ya haki za binadamu kuingizwa humo kwa marekebisho ya mwaka 1984, inasema kwamba binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, na kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ibara ya 107A inaziagiza mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya maana. Mwaka 2017 ikatungwa sheria ya msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Mambo haya siyadharau hata kidogo. Aliyeandika kwamba haki isicheleweshwe aliijua ile methali ya matumbo.

Lakini kuchelewa kunapimwa kwa kalenda ya nani? Kwa kalenda ya ofisi, wiki tatu ni haraka, tena ni sifa. Kwa kalenda ya mtu anayelipwa kila jioni, wiki tatu ni jioni ishirini na moja. Sheria inaweza kumpa wakili wa bure. Bado haijamlipa siku aliyoacha kibarua ili aje kumsikiliza huyo wakili. Ndiyo maana nasema umaskini si jambo linalokaa kando ya haki, tukalishughulikie baadaye kwa michango. Umo ndani ya haki yenyewe, unaila taratibu.

Kuna pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Mwenzangu mmoja aliposoma rasimu ya makala haya aliniambia, "Umewageuza maskini kuwa matumbo. Kwani wao hawapendi uhuru? Hawapendi heshima?" Nililala na swali hilo. Jibu langu ni kwamba, kinyume chake, wao ndio wanaojua bei yake. Makuli wa mwaka 1948 waliacha ujira wa siku wakijua nyumbani hakuna akiba. Baba mdogo alikwenda mara tatu, na nauli na vibarua alivyovikosa vilikuwa vinazidi kuila ile fedha aliyokuwa akiidai. Kama shida ingekuwa fedha tu, asingekwenda hata mara ya pili. Alitaka yule bwana aambiwe mbele ya watu kwamba amekosa. Hilo si dai la tumbo. Ni dai la Karama lilelile, isipokuwa Karama wa kwetu hana akiba ya unga.

Na hapo ndipo ninapomrudishia Shaaban heshima yake, kwa sababu mkate peke yake nao hautoshi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitangulia kwa usawa wa binadamu na kujaribu kuugusa utajiri wenyewe. Lakini wazazi wetu waliopanga foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 watakwambia kwamba hata foleni haikuwa sawa kwa wote: yupo aliyengoja tangu alfajiri, na yupo aliyepitia mlango wa nyuma. Foleni isiyo na mtu wa kusimama na kuuliza "mbona yule kapita?" huzaa wakubwa wapya. Huyo anayeuliza ndiye Karama. Tunamhitaji. Ila tunamhitaji akiwa ndani ya foleni, si barazani kwa mfalme.

Kwa hiyo namjibu mwenzetu wa semina, ingawa nimechelewa muhula mzima. Kusadikika inauliza nani ana ruhusa ya kusema. Kuli inauliza nani anaweza kumudu gharama ya kusema. Swali la kwanza bila la pili hutupatia sheria nzuri za watu wenye nafasi. La pili bila la kwanza hutupatia foleni yenye mlango wa nyuma. Tusome vitabu hivi katika wiki moja, tusivitenge katika mada mbili.

Sasa yule mtu niliyeahidi kumrudia. Likizo iliyopita nilimsimulia baba mdogo kisa cha Kuli, jioni, tumekaa kibarazani. Fedha zake hajalipwa mpaka leo. Alisikiliza vizuri sana mambo ya magunia, akacheka mahali pa wasimamizi, maana anawajua. Nilipofika kwenye mgomo akaniuliza, "Waligoma siku ngapi hao?" Nikamwambia ule wa kweli, wa mwaka 1948, ulichukua wiki kama tatu. Akanyamaza. Mama mdogo alikuwa jikoni, tunasikia sufuria. Kisha baba mdogo akaniuliza, "Na wake zao walikuwa wanapika nini?"

Nilikuwa sina jibu, na bado sinalo. Naliweka mbele ya semina ijayo.